Maboksi Saba ya Aidan

Mpendwa mshauri wetu wa gazeti, kama umenizidi umri shikamoo, ila sidhani, maana mimi niliiona Mbinga kabla haijasimikwa nguzo hata moja ya umeme, basi pokea salamu zangu na unisaidie, na usifikiri naomba msaada kwa kuwa nimeshindwa, Othmar Kinunda wa Kitura hajawahi kushindwa na kitu, ngoro zangu, yale mashimo yetu ya kulimia, kule mlimani zimepangika mpaka watu wa chuo walikuja kuzipiga picha, na kahawa yangu haijarudishwa hata siku moja. Shule niliishia darasa la tatu lakini barua hii naiandika kwa mkono wangu, sijaandikiwa na mtu.

Swali langu ni la kompyuta. Nataka unitafutie mtu anayejua aniambie, kadi ya picha ikiwa ndefu kuliko kasha, mtu anabadilisha kadi au anabadilisha kasha? Na swali la pili nitalisema mbele.

Mwanangu Aidan alikuwa fundi umeme wa malori kule Ngaka kwenye makaa ya mawe, analala kambini wiki nzima, na mke wake Siwema alikuwa na kibanda cha kuchapa na kutoa kopi Mbinga mjini. Siwema ni mtu wa ziwani, wa Ngumbo, tena Mwanglikana, lakini nilimkubali, mimi si mtu wa ubaguzi. Hawa watu wawili walikuwa wanapenda gemu za kompyuta, watu wazima kabisa, huyu yuko Ngaka na kompyuta yao na huyu yuko Mbinga kwenye ile ya kibanda, wamevaa vile vya masikioni wanaongea na kucheka huku wanacheza, na kompyuta yao inazirekodi sauti zote. Kompyuta yao ya zamani ilipokufa wakaanza kukusanya vifaa vya kutengeneza nyingine wenyewe, kali kuliko zote lakini ndogo, nusu ya debe, ili Aidan aibebe kwenye begi la mgongoni akienda zamu. Nikamwambia mwanaume hanunui kitu kidogo. Akacheka, akasema, "Baba, kubwa kila mtu anaweza. Kazi ni kuifanya ndogo halafu isijipike kwa joto lake yenyewe. Ni kama ngoro zako, shimo likizidi udongo unakwenda, likipungua maji yanafurika. Kila kipimo kinamtegemea mwenzake." Nilifurahi kwamba mwanangu alinitolea mfano mimi. Maneno yenyewe sikuyasikiliza.

Akafa. Pikipiki iliteleza kwenye mteremko mvua ikinyesha, simu yake ikasagika hapohapo pamoja naye. Sitasema zaidi hapo.

Siku ya kuanua matanga tuligawa vitu vya marehemu kama ilivyo desturi yetu, mimi ndiye niliyeketi mbele. Suti huyu, redio yule, jembe na panga yule. Yakaletwa maboksi ya kompyuta, vifaa havijaunganishwa bado, nikayahesabu mwenyewe, saba, na ndugu waliobaki bila kitu walikuwa saba. Nikaona Mungu amepanga. Siwema akasimama mbele ya watu akasema, "Baba, hivyo si vitu saba. Hicho ni kitu kimoja. Na nusu yake nimenunua mimi." Nikamjibu, "Mimi nimehesabu maboksi saba, wewe umehesabu mangapi?" Watu wakacheka. Nilikuwa na mdomo siku ile. Nikagawa.

Ndugu yangu Joakim akapata kasha akawekea mbegu za maharage. Mwingine alipata pawa saplai, kile cha kulisha kompyuta umeme, akajaribu kuwashia taa ya kuku. Cleopa, mtoto wa dada yangu, alipata kadi ya picha akamuuzia mtu aliyevuka ziwa kwenda Malawi. Siwema hakusema tena habari ya maboksi, ila alianza kutafuta kitu kimoja, diski, akasema ni kidogo kama ubani wa kutafuna, Aidan aliitoa kwenye kompyuta iliyokufa akaifunga kwenye karatasi. Akapekua chumba, akapekua majivu ya jikoni. Aliyekuwa amefagia chumba kile ni binti yangu Kunigunda, ndiye mkubwa wangu, basi Siwema akamgeukia, akamwambia mbele za watu kwamba umeniibia. Kunigunda akaapa kwa rozari. Hakuna aliyemwamini, mdogo wake mwenyewe alimwambia itoe tu dada yaishe. Siwema akafunga kibanda akarudi kwao Ngumbo. Kunigunda tangu siku ile hakanyagi kwangu na jumuiya ameacha kwenda, maana akiingia watu wanavuta mikoba yao karibu.

Nikasema hili nitalimaliza mimi. Nikazunguka kwa ndugu nikakusanya maboksi sita, mengine kwa maneno mazuri na mengine kwa fimbo. Ndani ya boksi la kasha chini ya maharage nikakuta daftari lao, wameandika kila kifaa na kwa nini wamekichagua, miandiko miwili. Aidan ameandika feni fulani, Siwema ameandika chini yake, hiyo inanguruma kama mashine ya kusaga, Aidan amejibu, haya mama, tuchukue yako. Ukurasa kwa ukurasa hivyo. Nasoma polepole, sikufika mwisho, nikaona hata sihitaji, kuchagua kitu bora ni kazi yangu ya miaka hamsini. Kahawa nyepesi inaelea, nzito inazama, nzito ndiyo kahawa. Nikaenda Songea na mizani yangu ya kahawa. Kijana wa dukani akaniambia, "Babu, hizi hatupimi kwa kilo." Nikamwambia, nyie hampimi, mimi napima. Nikachukua kadi nzito kuliko zote, ina feni tatu, na diski mpya yenye nafasi mara nne ya ile.

Nyumbani kadi ikagoma kuingia, imezidi vidole vitatu. Nikachukua msumeno wa chuma nikakata kasha. Nikampelekea Pankras, fundi wa simu na kompyuta pale Mbinga. Akashika kichwa. "Mzee wangu, huu ubavu uliokata ndio ulioshika pawa saplai. Na hata kadi ikiingia, pawa saplai hii ndogo haiwezi kuilisha, huyu ni mtu wa tumbo kubwa umemleta kwenye nyumba ya sahani moja. Nani amekuchagulia?" Nikamwambia weka hiyo diski mpya basi, nisikie sauti. Akauliza sauti gani? Nikamwambia sauti za mwanangu na mkewe wakicheza, si ziko kwenye kompyuta. Akanitazama. Akasema, "Mzee, diski mpya ni tupu. Zilikuwa kwenye ile ya zamani."

Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi ya duka lake nikafungua daftari, nikasoma mpaka ukurasa wa mwisho, kidole kwenye neno. Imeandikwa kwa mwandiko wa Aidan: Diski hatununui. Tunahamisha ileile yetu, tumo wote.

Sasa mshauri, hiyo diski haikuibwa. Siku ya kumvika marehemu niliikuta mezani kwake kwenye karatasi, nilikuwa peke yangu naye, nikakumbuka aliwahi kunionyesha kidude hicho akakishika kama kitu cha thamani, nikakitia kwenye mfuko wa koti lake wa ndani upande wa moyo ili asiende mikono mitupu. Nilifanya kwa mapenzi. Siwema alipoanza kutafuta nilijua papo hapo. Sikusema kwa sababu nilikuwa nimeshamfanya achekwe mbele ya watu, na mtu aliyeketi mbele hawezi kusimama na kusema nimekosea, nikawaza kidude kama hicho kitanunuliwa kingine. Kunigunda alipoapa nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake. Nilikuwa natazama viatu vyangu.

Mwezi ujao anatimiza mwaka, kuna misa, na siku hiyo tunajengea kaburi, saruji na mchanga viko tayari, na zege likishamwagwa basi. Kwa hiyo swali la pili ni hili. Mikono yangu bado ina nguvu, kaburi liko shambani kwangu mwenyewe, nifukue kimyakimya kabla ya zege, nitoe kitu, nifukie, na nimpelekee Siwema kompyuta iliyokamilika bila maneno mengi? Na kadi nibadilishe au nibadilishe kasha?

Ni mimi, Othmar Kinunda, mkulima bora, Kitura.

MAJIBU YA SHANGAZI GERTRUDE

Mzee Othmar, shikamoo. Umri umenizidi, hapo umeshinda. Majibu haya nimekutumia kwanza kwenye simu kwa sababu ya hilo zege, na hapa gazetini majina yote nimeyabadilisha, na vijiji pia. Sikufanya hivyo kwa ajili yako. Nimefanya kwa ajili ya binti yako, ambaye ameshabeba jina baya la kutosha.

Pole kwa kufiwa. Nasema kwa moyo, maana nimeisoma barua yako mara tatu, na pale kwenye mfuko wa koti nililia. Mzazi anayemvika mwanawe akamtafutia cha kwenda nacho hana dhambi. Ungesema siku ileile, Siwema angelia, mngelia wote, na pengine kabla udongo haujashikana mngelikwenda kwa padre mkaongea. Dhambi yako ilianza pale ulipotazama viatu.

Umeandika ukurasa mzima kuhusu kadi na kasha, na Kunigunda umempa mistari michache. Mwanamke amekaa karibu mwaka mzima anaitwa mwizi wa marehemu, mdogo wake hamwamini, kwenye jumuiya mikoba inavutwa, na mtu pekee anayejua kwamba amesema kweli ni baba yake, naye alikuwa Songea anapima kadi kwenye mizani ya kahawa. Hukuona aibu?

Nimemuuliza fundi wetu wa kompyuta hapa ofisini, kwa sababu uliuliza. Anasema kadi irudishwe dukani kama watakubali, au iuzwe, na inunuliwe ile iliyoandikwa daftarini, kwa urefu ulioandikwa daftarini. Anasema waliochagua vile vifaa walijua wanachofanya, hakuna hata kimoja cha kubadilisha. Kasha ulilokata limekwisha, litafutwe lilelile. Kuhusu diski, anasema chuma chembamba namna ile, mwaka mmoja kwenye unyevu wa milima yenu, asingeahidi kitu. Nilimbana aniambie angalau kidogo. Akasema, "Shangazi, usimpe mtu matumaini kwa jina langu."

Sasa kufukua. Kaburi halifukuliwi bila amri ya mahakama, liwe shambani kwako au popote, na ukikamatwa na jembe pale watu hawatasema ulikuwa unatafuta diski. Unajua watakachosema. Lakini hata kusingekuwa na sheria ningekukataza. Diski uliiweka kaburini bila kumuuliza mtu, maboksi ukayagawa hivyohivyo, kadi ukachagua hivyohivyo, na leo unataka kumtoa Aidan udongoni kwa siri vilevile. Aliyelala pale ni mume wa mtu. Kama kaburi litaguswa, au kama litafunikwa na sauti yake ndani, anayeamua ni Siwema. Akisema liguswe, utakwenda naye kwa padre na kwa hakimu, mchana, kwa mlango wa mbele. Akisema liachwe, utaliacha.

Kwa hiyo fanya hivi. Saruji isubiri, mwambie fundi ujenzi hakuna zege mwezi ujao, misa iendelee. Kesho asubuhi nenda kwa Kunigunda. Usimwite kwako, nenda wewe, ubishe hodi. Usianze na habari ya kompyuta wala ya ngoro. Mwambie, "Diski niliizika mimi, na nilikuwa nimekaa pale ulipoapa." Halafu nyamaza. Akikufukuza, rudi keshokutwa. Jumapili baada ya ibada, kabla watu hawajatawanyika, useme maneno hayohayo mbele ya jumuiya, kwa sauti ileile uliyohesabia maboksi. Walicheka wote, basi wasikie wote.

Ukishamaliza hapo, na si kabla, shuka Ngumbo. Kama Kunigunda atakubali kufuatana nawe ni heri, kama hatakubali usimlazimishe. Usipeleke kompyuta iliyokamilika. Peleka maboksi kama yalivyo, na kasha ulilolikata, usilifiche, na daftari juu kabisa. Wasalimie wazee wa pale, keti watakapokuketisha, sema ulichofanya. Siwema ndiye atakayejua kama anataka kuitengeneza, kuiuza, au kuyatupa yote ziwani, na mwanamke huyo hatadaiwa maelezo.

Huenda asikusamehe. Nakuambia mapema ili usije ukaniandikia tena kulalamika kwamba ulitimiza yote na bado. Ile sauti ilikuwa ndiyo iliyobaki, simu ilisagika, hakuna nyingine, na hakuna duka Songea wala Dar es Salaam linaloiuza. Utarudi Kitura na hilo, na utaishi nalo.

Gari la kushuka ziwani linatoka Mbinga asubuhi. Wahi. Mizani iache nyumbani, na msumeno, na jembe.