Maziwa ya Mama Yako

Karatu,
9 Juni 2025.

Mpendwa Dada Kakenya,

Kuna mlio umenikaa kichwani tangu mwezi wa nne na hautaki kutoka: fimbo ikigonga dumu la maziwa. Ko, ko, ko. Mwanamume amesimama mlangoni mwa nyumba ya mama yake, anagonga dumu kutoka juu kushuka chini, anasikiliza mahali mlio unapobadilika ili ajue limejaa mpaka wapi. Nitakueleza ni nani. Kwanza nikusalimu, maana nimelelewa.

Hujambo dada? Shemeji Senteu hajambo? Watoto je, wamelizoea joto la Masasi? Huku ni baridi tupu, ukungu unakaa mpaka jua likaribie utosini. Mimi ni mzima wa mwili. Baba yangu amevuna maharage kule Mbulumbulu, si mengi, ila hayakuozea shambani kama mwaka jana. Mama yangu mgongo unamsumbua na yeye anasema haumsumbui.

Ningeweza kukupigia. Lakini kwenye simu mimi huwa mpole kuliko nilivyo, na jambo hili sitaki kulisema kwa upole. Ulimtumia mama yako ujumbe kwamba amwombe mdogo wako Parmuat radhi kwa kumwaibisha mbele ya wageni. Mama mwenyewe, yeyo Seenoi, hana simu, unajua, kwa hiyo ujumbe ulifika kwenye simu ya Parmuat, naye akamsomea kwa sauti mbele ya wanawake wa boma zima. Mama yako alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Watoto wake amesema hawajambo?" Parmuat akajibu hukusema.

Umemwonea mama yako, dada. Umedanganywa na picha.

Ile picha naijua, nilikuwepo ilipopigwa. Mdogo wako kavaa shuka jipya, kashika kopo la maziwa linalong'aa, na chini pameandikwa Kijana Mjasiriamali wa Mwaka. Itazame tena. Ukingoni, upande wa kushoto, kuna kipande cha nguo ya bluu. Huyo ni mama yako. Alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kukamua, kopo alilijaza yeye, na mpiga picha akamwomba asogee kidogo. Akasogea. Akaombwa asogee tena.

Unajua tangu mwaka jana nafanya kazi Kibuyu Chetu. Wanajiita biashara jamii, yaani biashara inayouza mtindi kwenye hoteli za watalii huku ikiwainua wafugaji vijana wa Ngorongoro. Maneno hayo niliyaamini. Nilitoka chuoni na shahada yangu nikidhani nimepata mahali ambapo kusoma kwangu kutamfaa mtu. Sasa nikiyasikia maneno "kuinua vijana" natamani kutema mate, na najua hilo si jambo la kumwandikia mwalimu kama wewe.

Mkurugenzi wetu, Wilibrodi, ni mtu wa hapahapa Karatu aliyekwenda kusoma Ulaya akarudi amevaa katambuga. Hajawahi kuvaa katambuga utotoni. Kwao walikuwa na duka la viatu. Anavaa kizibao chenye mifuko mingi isiyo na kitu. Akiongea na wageni hulegeza sauti kama anayemzungumzia marehemu. Akiongea nasi anasema, "Evarista, dada yangu, wafadhili wanataka impakti."

Impakti yenyewe, yaani matokeo ya kuwaonyesha, ndiyo hii. Mradi unalipa kwa simu, na anayelipwa lazima awe mwenye ng'ombe, na lazima awe kijana, kwa sababu fedha ya wafadhili ni ya vijana. Mama yako ameuza maziwa tangu mimi na wewe hatujajua kuvaa viatu. Kwa maziwa hayo ulikwenda sekondari, dada, usijifanye umesahau. Lakini umri umempita, kwa hiyo si mjasiriamali. Mjasiriamali ni Parmuat, ambaye hajawahi kushika chuchu ya ng'ombe.

Niliuliza kwenye kikao. Nikasema katika boma la Kimaasai ng'ombe wanaweza kuwa wa mwanamume, lakini maziwa ni ya mke anayekamua: yeye ndiye anayejua ya ndama, ya watoto, ya mgeni, na yanayobaki ya kuuza. Mwanamume akichungulia kibuyu cha mwanamke watu humcheka. Wilibrodi aliandika kitu, akasema, "Hiyo ni mila nzuri sana, tutaiweka kwenye tovuti." Wakaiweka. Na malipo yakaendelea kwenda kwa Parmuat.

Basi ndiyo ukawa ule mlio. Parmuat alianza kugonga madumu asubuhi na jioni. Alikuwa anataka kuona mama yake anapeleka yote kwenye gari la kampuni. Mke wa Simel, jirani yenu, alimwona akamwita kwa sauti ya kusikika mpaka kisimani: "Parmuat! Ukimaliza kazi ya maziwa, njoo na huku unikandikie nyumba. Mavi ya ng'ombe nimeshayachanganya!" Wanawake walicheka wakashikana mabega. Mtu mwenye aibu angeitupa fimbo. Ndugu yako alisema wanawake hawana mtazamo wa kibiashara. Neno hilo tumemfundisha sisi, kwenye semina, na chai na maandazi juu.

Mama yako alimwambia jambo moja tu, nilikuwa nimeketi karibu. "Ng'ombe ni wako, mwanangu, baba yako amekuachia. Kibuyu ni changu."

"Siku hizi hakuna vibuyu, yeyo. Kuna lita."

Sijui kama wewe ungevumilia. Yeye alivumilia, kwa kuwa ni mwanawe wa kiume pekee na hapendi kugombana naye mbele ya watu.

Nikwambie kilichonimaliza. Mwezi uliopita nilifika pale kikazi. Nilimwinamia, akanigusa kichwani kama kawaida, akanikaribisha ndani. Nje ng'ombe walikuwa wanalia wakirudi, majani yamefika magotini, mwaka huu mvua haikutunyima. Akanipa chai ya rangi. Kakenya, mama yako, nyumbani kwake, alinipa mimi chai ya rangi, akageukia motoni asinione nikiinywa. Mjukuu wake alikuwa na kikombe kama changu. Fedha ya maziwa Parmuat amenunulia spika kubwa kama jiwe la kusagia. Bomani hakuna umeme.

Nilirudi Karatu sikulala vizuri siku kadhaa. Mimi ni mtu wa kukaa na jambo moyoni mpaka linichubue, unanijua. Nilijiuliza kama nachukia dhuluma au nachukia tu kwamba nilikuwa ndani yake na jina langu lipo mgongoni mwa fulana. Nikaona jibu halina haraka. Mwenye haraka ni yule anayenyweshwa chai ya rangi.

Halafu wageni wakaja. Wafadhili kutoka ng'ambo, walitaka kumwona Kijana wa Mwaka bomani kwake na kuona maziwa yakimiminwa. Wilibrodi alinitanguliza siku moja kabla nikalale kwa mama yako, nihakikishe makopo yamejaa. "Mwambie mama afanye kama siku zote," akasema, "ila atabasamu." Mama yako aliposikia alinigeukia. "Kwa hiyo wewe msomi wangu umetumwa kunikamulisha?" Alisema kwa utani, nao ulinichoma kuliko tusi. Kisha akasema atakamua. Asingemwaibisha mwanawe mbele ya watu wasiomjua.

Wageni walifika, magari yamejaa vumbi na kofia. Hapakuwa na maziwa. Ndama walikuwa zizini mwa mama zao, wamelala, matumbo kama ngoma, povu jeupe bado liko puani. Parmuat alifungua kopo akalifunga akalifungua tena, kama litajijaza kwa aibu. Mgeni mmoja alipiga picha ya ndani ya kopo tupu. Wilibrodi akawaeleza habari za ukame. Ukame! Amesimama kwenye majani mabichi, katambuga zimelowa umande, anaeleza ukame, na wao wanatikisa vichwa kwa huruma.

Halafu Parmuat alichukua ndoo akasema atakamua yeye waone. Ng'ombe alimtazama, akaondoka zake taratibu. Mke wa Simel alilazimika kuingia ndani acheke.

Walipokwenda, Parmuat akamgeukia mama yake. Akasema amemhujumu, amemchimbia kaburi, na maneno mengine ambayo sitayaandika kwenye karatasi yenye jina la Mama Seenoi. Mimi nilifungua mdomo. Mama yako akasema, "Nyamaza, wewe ni mgeni," akaenda kuchota maji. Lawama akazibeba zote yeye, ndipo na ujumbe wako ukaja juu yake.

Shemeji nisalimie sana, mwambie ile kanga aliyonitumia ninayo. Wanao wabusu kwa niaba yangu. Mama na baba wanakusalimuni, na mama anauliza mtapanda lini huku milimani. Mungu wa wazee wetu na wa kanisani kwetu awalinde mchana na usiku, na awape mvua isiyoharibu.

Sasa hili la mwisho, nimelichelewesha kwa makusudi ili usome yote kwanza. Ndama niliwafungulia mimi. Alfajiri ile niliamka kabla ya mama yako, nikaondoa miiba kwenye zizi la ndama, wakanipita wakikimbilia mama zao. Nilipogeuka nilimkuta amesimama mlangoni na vibuyu vyake mkononi. Alivirudisha ndani.

Juzi nilipanda nikamwambia Parmuat uso kwa uso, mama yako akiwepo na mke wa Simel akiwepo. Ananiita adui wa maendeleo, sawa. Nikarudi Karatu, nikamwambia Wilibrodi, nikaiacha fulana ya kampuni juu ya meza yake na kumtakia ukame mwema. Na boma la mama yako nimeshalitoa kwenye ratiba ya gari la maziwa kabla sijarudisha ufunguo wa ofisi. Leo asubuhi, naambiwa, gari lilipita bila kusimama. Radhi, kama bado unataka iombwe, iandike wewe, na uitume kwangu, nitamsomea mama yako mimi mwenyewe.

Nduguyo anayekupenda hata akikukasirikia,

Evarista