Dereva wa Miss Clementine Hajui Kuogelea

Jumanne, 9 Juni 1987

Kimefika. Kifuniko chenyewe. Kioo kinene cha ndege ya kivita! Harlan, fundi wetu mkuu, amekilaza mezani anakipapasa kama kitoto kichanga. Kuanzia mbio za mwezi ujao hapa kwetu nitaendesha Miss Clementine, boti yetu ya mashindano, nimefunikwa juu, nimefungwa mikanda mitano. Lakini kwanza mtihani: unafungwa kwenye kiti, kiti kinapinduliwa bwawani, unajifungua, unatoka. Ukishindwa, boti anapewa mwingine.

Nikacheka pamoja na wenzangu. Nikasema hata leo nipeni.

Sijui kuogelea. Haya, nimeandika. Miaka kumi na tisa juu ya Mto Ohio, maili mia na hamsini kwa saa, na sijui kuogelea! Lorna mke wangu peke yake ndiye anayejua.

Jumatano, 10 Juni

Lorna anafurahi. Afadhali ufungwe, anasema, kuliko nije kukuokota kama Dutch.

Dutch. Siku hizo mikanda hatukuitaka kabisa. Boti ikipaa, heri ikurushe mbali, isije ikakuangukia — ndivyo walivyotufundisha waliotutangulia, ndivyo nilivyomfundisha Dutch alipoanza udereva. Mwaka sabini na moja pua ya boti yake iliinuka, upepo ukaingia chini, ikapinduka. Akarushwa mbali sana, kama nilivyomwambia. Maji kwa kasi ile ni saruji. Jaketi la uokoaji lilimwelesha vizuri tu. Alikuwa ameshakufa.

Sijawahi kumwambia mtu kwamba maneno yale yalikuwa yangu.

Jumatatu, 22 Juni

Lorna kaniandikisha bwawani, darasa la asubuhi la vikongwe! Kumi na moja, wote na kofia za mpira. Bi Opal, miaka themanini na moja, ndiye kinara wao.

"Wee Merle, teremka! Maji hayang'ati!"

Nimeng'ang'ania ukingo.

"Kwa kitambi hicho, mwanangu, hata ukitaka kuzama hutaweza."

Wakacheka mpaka maji yakatikisika. Mwisho akanipa taulo — la kijani! Nikaruka nyuma. Kijani ni mkosi, dereva gani hajui? Bi Opal akauliza taulo limeshaua watu wangapi. Nikaenda zangu nimelowa chepechepe.

Ameapa hatasema. Siri anakwenda nayo kaburini, anasema, na si safari ndefu.

Uso majini, pumzi nimebana: nimehesabu mpaka tisa.

Ijumaa, 26 Juni

Hesabu ishirini na mbili. Bi Opal kanipigia makofi. Nimefurahi kama mjinga.

Alhamisi, 2 Julai

Mtihani.

Kiti kilipopinduka maji yalinijaa puani. Giza. Juu wapi, chini wapi, sijui. Kifungo kiko katikati ya tumbo, unakizungusha, basi, mtoto wa miaka mitano ataweza. Mimi nikakamata mkanda. Nikauvuta. Nikauvuta tena kwa nguvu zangu zote, na kadiri nilivyovuta ndivyo ulivyokaza. Halafu mkono ukaja ukazungusha kifungo. Haukuwa wangu.

Nikatoka natapika maji. Vern, mzamiaji wa uokoaji, akaibuka kando yangu akipaza sauti: "Sekunde kumi na nne! Kajifungua mwenyewe, mzee!" Harlan akanikumbatia. Karatasi ya kufaulu ikatiwa saini.

Pembeni nikamwambia, Vern, si mimi niliyefungua. Akasema nifunge mdomo, yeye hatakuwa mtu wa kuninyang'anya boti. Jumapili, siku ya mbio, atakuwa kwenye helikopta juu yangu, atanifikia kwa dakika moja.

Dakika moja! Mimi hesabu yangu ni ishirini na mbili.

Nikamwambia asante. Asante! Mtu mzima mimi.

Jumamosi, 4 Julai

Mikanda ya ndani ya boti imekuja na kifungo cha kijani. Cha kijani! Lorna kakipaka rangi yake ya kucha, nyekundu, huku akiimba. Amekaanga kambare. Miaka yote hii mbio zikianza huupa mto mgongo mpaka injini izimwe. Leo kaniambia: "Kesho nitaangalia, Merle. Kwa macho yangu mawili."

Nilifungua mdomo nimwambie. Nikatia kambare.

Jumapili, 5 Julai — ndani ya lori la timu

Upepo unapanda na mto, mawimbi yameinuka. Upepo wa kuinua pua za boti.

Vern amekuja. Haniangalii usoni. Anasema, ndugu yangu, sema neno moja tu, naichana ile karatasi sasa hivi. Nikachungulia dirishani. Lorna yuko mstari wa mbele, ameuelekea mto. Bi Opal na wenzake nyuma yake, na zile kofia za mpira!

Nikamwambia Vern aende kwenye helikopta yake.

Mikanda ya mazoezi niliyoazima, kama ile ya boti, nimejifunga nayo hapa kwenye kiti cha lori. Nafumba macho, natafuta kifungo. Mara kumi. Saba nimekipata.

Dutch naye hakuniuliza mara mbili. Aliniamini.

Harlan anagonga mlango. Twende baba, boti iko majini! Nakuja, nimesema. Nijaribu mara moja tu, ya mwisho. Macho nimefumba —

Nimekamata mkanda, si kifungo.