Gazeti la Nyama

Mjukuu wangu Naserian,

Sisi huku Kitengela tuko salama. Mamako amepona kikohozi, na yule ng'ombe mwekundu amezaa. Umeniuliza nilijuaje kwamba "depend" hufuatwa na "on", wakati wewe huko chuoni ukikosea wenzako wanacheka.

Nilijua kwa gazeti la kufungia nyama. Mwalimu wetu pale Kajiado, Mwalimu Wanjiku, aliandika ubaoni "depend from". Mimi nilikuwa nimesoma "depend on" kwenye gazeti la buchari nililofunikia kitabu changu, nikainua mkono nikamwambia. Siku hizo kumkosoa mwalimu kulikuwa kutafuta kiboko.

Aliomba kile kitabu. Akasoma jalada lenye mafuta, akafuta neno lake kwa kiganja, akanipa chaki niandike mimi. Kisha akasema, "Kesho kila mtu alete gazeti la nyama. Tutasoma pamoja, hata mimi."

Muhula mzima darasa lilinuka mbuzi, na Kiingereza kikatuingia. Baadaye nami nikawa mwalimu. Watoto waliponikosoa, dasta ilikuwa hapo mezani, lakini nilifuta kwa kiganja.

Ni mimi nyanyako