Tikiti Lenye Kitambaa cha Cecilia

Jumamosi, 6 Julai 2024
Mitikiti ya marehemu mke wangu imetoa maua ya kike. Imeota michache tu — mbegu nyingi panya walizila ndani ya kibuyu baada ya Cecilia kututoka. Na binti yangu Judith amepanda mbegu chotara za dukani jirani kabisa! Nyuki hawajui mpaka. Chavua ya chotara ikiingia, tunda litaonekana lilelile, ila mbegu zake mwakani zitazaa kitu kingine. Nimemweleza mpaka chai yake ikapoa. Akasema tikiti ni tikiti, Baba.

Jioni nimefunika maua kwa vifuko vya karatasi.

Jumapili, 7 Julai
Kabla ya misa nimeyafunua, nikayapaka chavua ya ua dume la mtikiti uleule, nikayafunika tena. Kila kikonyo nimekifunga kitambaa cha khanga kuukuu ya Cecilia, nisije nikachanganya.

Jumanne, 16 Julai
Matunda machanga yamepukutika. Limebaki moja. Moja!

Jumapili, 4 Agosti
Severini, kaka yake Cecilia, kapiga simu kutoka Matombo. Mvua ya masika ilisomba bustani yao. Zile mbegu nyekundu za mama yao, ndizo hizi za Cecilia, hawana tena. Anaomba za kupanda. Ni haki yake. Mbegu ni za ukoo wao, mimi mtunzaji tu.

Nikamjibu mitikiti imezaa vizuri. Kwa nini nilisema hivyo?

Atakuja mwisho wa mwezi. Afadhali. Kikono — ule uzi uliojisokota karibu na tunda — bado kibichi. Kikikauka, ndipo mbegu zimekomaa. Kabla ya hapo ni nyeupe, laini, hazioti.

Jumatano, 7 Agosti
Kibichi. Nimekwenda kukitazama mara nyingi mno.

Alhamisi, 8 Agosti
Severini amekuja leo! Ameshuka kwa ajili ya maonyesho ya wakulima ya Nane Nane, akaona apite. Judith akampeleka bustanini moja kwa moja, mimi nyuma yao nikitafuta pa kuanzia. Alipofika kwenye kitambaa akavua kofia. Sikuelewa.

Kumbe kwao tunda la kwanza hufungwa kitambaa, likawekwa kwa ajili ya mjomba. Hakuna wa kulikata ila yeye. Cecilia hakuwahi kuniambia. Au aliniambia, nami nilikuwa naeleza jambo.

“Shemeji,” akasema, “tangu dada afe tulidhani umetutupa. Kumbe unatukumbuka hivi.”

Nikafungua kinywa nieleze habari ya kikono. Macho yake yalikuwa na machozi. Nikamtandikia mkeka.

Sasa amekaa mkekani, kando ya tunda. Hajalichuma, anasubiri kisu. Nimesema naingia ndani kukitafuta. Kikono ni kibichi, nimekigusa nilipopita.

Judith anaita dirishani: mjomba anauliza, kisu kimepotea?

Kiko hapa, juu ya ukurasa huu.