Nani Atakubeba Huko

Lionja, Nachingwea
Jumatano, wiki ya jubilei ya parokia

Kwa dada yangu Albina,

Mugonile, dada. Nakusalimu wewe kwanza, kisha shemeji, kisha watoto wote mpaka yule wa mwisho ambaye nasikia ameota meno na anamng'ata kila anayembeba. Natumaini kifua kimepona na kwamba huendi tena kuchuma chai kwenye umande bila sweta. Mimi ni mzima, ila mapaja yananiuma kiasi kwamba jana nilishuka ngazi za ofisi kinyumenyume, na wenzangu wakanicheka mpaka wakachoka.

Utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Nimefanya makusudi. Kwenye simu hunipi nafasi. Nikianza sentensi unaimalizia wewe, halafu unalia, nami nikisikia unalia nakubali kila kitu. Ndiyo maana nimempa Richard, yule Mnyakyusa mwenzetu anayefundisha sekondari hapa, akuletee mkononi akija likizo. Nakuomba uisome yote kabla hujanipigia.

Najua unachokitafuta humu. Tangu nilipokwambia kibali cha uhamisho kimetoka, na kwamba natakiwa kujibu kabla mwezi haujaisha kama nakuja Rungwe au nabaki, wewe umeshafyeka kiwanja kando ya migomba na umeshamwambia mchungaji narudi. Kila nikisita unaniuliza swali lako lile lile, nikifa huku Nachingwea nani atanibeba. Dada, swali hilo limenikosesha raha kweli. Sina mke, sina mtoto, na hapa Lionja mimi ni bwana shamba niliyeletwa na serikali. Kimwera chenyewe nakijua cha kuombea maji tu. Jibu nitakupa, lakini kwanza nikueleze nilichokiona Jumamosi.

Katika jubilei ya parokia yalikuwepo mashindano ya michezo mitatu. Aliyeyaleta ni Dokta Masoudi wa hospitali ya misheni, maana huko alikosomea udaktari alikuwa akiyashiriki, na mapadre wakaona litakuwa jambo jipya. Mtu anaogelea kwanza, akitoka majini anapanda baiskeli hivyo hivyo na maji yake, akishuka kwenye baiskeli anakimbia kwa miguu, na katikati hakuna kupumzika. Dokta alituambia kwamba huu ndio umbali mfupi. Wazee wa hapa wakataka kujua, kama huu ndio mfupi, mrefu unamalizwa na nani.

Mimi nilijiandikisha kwa sababu ya kitambi. Eusebio, jirani yangu mwenye mikorosho, alinitania mbele za watu kwamba nawafundisha wakulima kupunguza matawi huku la kwangu nimelifuga, basi nikaona aibu nikaandika jina. Yeye ndiye aliyenifundisha kuogelea. Sisi wa milimani unatujua, maji yakivuka kiuno tunaanza kusali. Eusebio alinishika chini ya tumbo kwenye bwawa la hapa Lionja jioni baada ya jioni, akinisema kwa Kimwera, mpaka siku moja akaniachia kimya kimya nami nikaendelea kuelea bila kujua.

Siku yenyewe tuliingia majini jua likichomoza. Wenzangu walinitangulia wote, nikabaki na mawimbi yao. Nilipofika katikati nikachungulia chini nikaona weusi tu, na hapo hapo swali lako likanijia. Pumzi ikanikatika. Nikageuka chali kama nilivyofundishwa, nikatazama juu. Dada, sijui nikwambieje. Mbingu yote ilikuwa pale, haina wingu, na huu mwili wangu uliokuwa ukiuogesha kwenye beseni ulikuwa umelala juu ya kina kile kama jani, na kile kina hakikunitaka. Nilisahau kama nashindana. Nilipotoka nilikuwa nalia, nikashukuru kwamba nimelowa.

Nikapanda baiskeli yangu ya kazini kuelekea Ruangwa, ambako tungemalizia kwa kukimbia mjini. Njia nzima ni mikorosho, na watoto walinikimbiza wakiniuliza nimeiba nini. Nilikuwa mtu wa pili kutoka mwisho, nyuma yangu yuko katekista mmoja ambaye mnyororo ulikuwa ukimtoka kila mlima. Kabla ya kufika Nandagala nikaona baiskeli za wenzangu zimelazwa pembeni ya barabara, zote. Nikajua gari limewapitia.

Haikuwa gari. Ulikuwa msiba, jeneza linapelekwa makaburini. Na huku, dada, msiba ukiwa barabarani hakuna anayeupita. Mwenye baiskeli anashuka, mwenye pikipiki anazima, kofia inatoka kichwani, na kila mwanamume anaingia kupokea bega japo kwa hatua chache. Nilikuwa nalijua hilo, nimeshalifanya mara nyingi. Ila sikuwahi kufikiri kwamba na mashindano nayo yanashuka.

Wa kwanza niliyemwona chini ya jeneza ni Eusebio. Ndiye aliyekuwa akiongoza, na kikombe cha mshindi alikuwa akikiota tangu masika, mpaka mkewe ameshakipangia mahali kabatini. Angeweza kupita kabla msiba haujaingia barabarani. Aliuona unatokea kwenye kijinjia, akasimama akausubiri. Wenzetu walikuwa na namba vifuani na mashuka ya kuazimwa viunoni, maana bukta zile hazifai msibani. Rukaiya, muuguzi aliyekuwa mbele ya wanawake wote, alikuwa ameketi na akina mama kwenye ua wa nyumba ya kando ya barabara, na mama mwenye mji alikuwa amevua khanga yake ya juu akamfunga nayo kama binti yake. Hakuna aliyeuliza kikombe kitakuwaje. Nilisimama pale na baiskeli mkononi, nikaogopa kama nilivyoogopa bwawani.

Kisha nikaingia nikapokea bega. Kando yangu alikuwa mtu mzima wa Nandagala, anaitwa Dastani, naye alikuwa akilia bila kujificha. Nikamuuliza kwa sauti ya chini ni nani tunayembeba. Akaniambia ni Sultani, fundi cherehani, Mha aliyekuja kutoka Kigoma akiwa kijana na hakurudi tena kwao, hakuoa, hakuzaa. Unaweza kujua, dada, moyo wangu ulivyofanya. Nikamuuliza kama ndugu zake wameshafika. Dastani alinitazama kama niliyeuliza jambo lisiloeleweka, akasema kwamba ndugu zake ndio hawa waliombeba, na kwa kuwa mimi pia nimembeba, basi hilo swali nisiliulize tena.

Ilibidi mtu anipokee kabla zamu yangu haijaisha.

Tulikaa mpaka mwisho. Dokta Masoudi alifika na bodaboda akitokea Ruangwa, amekasirika, anatafuta washindani wake wamepotelea wapi na saa yake ya kupimia inatembea. Alipotuona akashuka, akaitia saa mfukoni, akaomba jembe. Tulifukia kwa zamu, Waislamu na Wakristo, mapadre wenyewe wangeona wangenyamaza. Baada ya dua tukarudi barabarani, na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo nitalisimulia mpaka nizeeke. Hakuna aliyekimbilia kuondoka, Eusebio aliachwa aanze. Kila mmoja alimngoja yule aliyemkuta mbele yake apande, aende, apate umbali wake, ndipo naye apande. Hapakuwa na mwamuzi wala kamba. Mimi nilingoja muda mrefu sana, kisha nikaenda, na yule katekista akaningoja mimi.

Ruangwa watu walikuwa wametungoja juani na tarumbeta. Nilipoanza kukimbia kuingia mjini nikasikia tarumbeta limenyamaza, na watu wa pande zote mbili wananiambia pole. Pole bwana shamba, pole sana. Nikajua ndiyo hivyo, nimekuwa wa pili kutoka mwisho mpaka mji mzima unanihurumia. Nilikasirika, nikaongeza mbio. Ni pale mama mmoja aliponipa maji ya kunawa badala ya kunywa ndipo nilipotazama mikono yangu, nikaona udongo mwekundu mpaka kwenye viwiko. Habari ilikuwa imetutangulia. Walikuwa wakitupa pole ya msiba wetu.

Kikombe alipata Eusebio, na kimekaa kabatini. Mimi nilipata fulana inayonibana.

Sasa, dada, kaa chini. Jumatatu asubuhi nilikwenda wilayani na nikajibu. Nimekataa uhamisho. Sitakuja Rungwe. Sikukwambia kwanza kwa sababu niliogopa machozi yako, na bado nayaogopa, hata hapa ninapoandika.

Usidhani nimewatupa. Najua swali lako linatoka wapi. Siku tulipomzika mama ulinibeba mgongoni kutoka makaburini, na wewe mwenyewe ulikuwa mtoto, na njia ilikuwa tope. Tangu siku ile hujaniweka chini. Umenibeba shuleni, umenibeba chuoni, umenibeba kwenye simu kila Jumapili. Nami nimekaa huku miaka yote kama mtu aliye njiani, sinunui kitanda kizuri, sipandi mti, naogopa kufa kati ya wageni. Jumamosi nimegundua kwamba mgeni nilikuwa mimi peke yangu. Wao walishamaliza hilo zamani. Naomba sasa uniweke chini, dada. Mgongo wako upumzike.

Kile kiwanja kipandie migomba, matunda yake mtakula nyinyi. Mimi jana nimechimba mashimo ya mikorosho nyuma ya nyumba, nikiwa siwezi kuinama vizuri. Njoo wakati wa korosho, nitakulipia nauli, uje uone mwenyewe watu ninaokueleza. Mke wa Eusebio ameshaanza kuuliza unakula nini na hunywi nini.

Nisalimie shemeji na mchungaji, umwombe radhi kwa niaba yangu. Mpigie magoti shangazi. Busu huyo mng'ataji, ila kwa uangalifu. Mungu akutunzie kifua.

Nilimweleza Eusebio swali lako, maana yeye hafichwi kitu. Ananiambia nikuandikie kwamba wabebaji wapo, usiwe na shaka, ila niendelee na mazoezi, kwa sababu nilivyo sasa nitawachosha.

Mdogo wako akupendaye,
Gwakisa