Chuma cha Mdomoni mwa Sukari

Kunduchi Mtongani,
Dar es Salaam.
14 Julai, 2024.

Mpendwa mdogo wangu Leonardi,

Salamu nyingi kutoka huku. Goti la mama mdogo Bernadeta linaendeleaje? Mikorosho imeanza kutoa maua? Mie mzima, ila mgongo unauma kwa kubeba nyasi na maji ya farasi.

Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei, na sikulaumu.

Jumanne alikuja bwana mifugo kukagua meno ya farasi. Alipomfikia Sukari alimfungua mdomo, akaniita nitazame kwa tochi. Ulimi wake mnene, umejaa mdomo mzima, na kaakaa liko chini. Ufizi una vidonda pande zote mbili. Akauliza nani alimchagulia lijamu lile, chuma anachotiwa mdomoni. Nikasema ni mie.

Unakumbuka tulivyobishana. Wewe ulitaka lijamu jembamba la vipande vitatu, linalokunjika kufuata ulimi. Nikakucheka, nikasema chuma chembamba kinakata kama waya, kinene ndicho cha huruma. Nikapima upana wa mdomo kwa vidole, nikaona limemwenea, basi. Ndani sikutazama. Kumbe mdomo kama ule hauna nafasi ya chuma kinene, na ukivuta hatamu kile kiungo cha katikati, vipande vyake viwili vinapokutana, kinamgonga kaakaani. Alipokuwa akirusha kichwa kwa maumivu, mie nilikuwa namwita mkaidi.

Bwana mifugo alipoondoka nililiosha, nikalitia mdomoni mwangu mwenyewe. Hata mate sikuweza kumeza. Clara wa jikoni akanikuta hivyo, akaniuliza, "Kaka Albano, leo nikupakulie ugali au majani?" Sikuweza kucheka.

Lakini si Sukari peke yake anayeninyima raha. Siku alipomwangusha yule mgeni aliyekuja kumpanda, akavunjika mkono, bosi Mazin aliuliza nani alimvalisha farasi lijamu lile. Nilisema ni wewe, tena nikaongeza kwamba mikono yako mizito. Ulinitazama ukanyamaza, kwa kuwa mie ni kaka yako. Ukafunga mzigo siku ile ile. Heri ungeniumbua pale pale.

Jana nilimweleza bosi ukweli wote. Hakufoka. Aliniuliza tu, "Ukamwacha mdogo wako aondoke?" Ameniondoa kwenye farasi wa wageni, sasa nazoa samadi. Nafasi yako ipo ukiitaka. Ukikataa nitaelewa.

Sukari anavaa lijamu ulilomchagulia wewe. Amepoa, kichwa harushi tena.

Nisalimie dada Asifiwe na shemeji Gozbert. Najua mama mdogo anaamini ulifukuzwa kwa uzembe. Msomee barua hii yote, usiruke mahali. Shikamoo yangu mpe ukishamaliza kusoma, si kabla. Asipoitikia, niandikie nijue.

Mungu awalinde nyote hapo nyumbani.

Nduguyo akupendaye, ingawa sikukutendea hivyo,
Albano