Kikombe cha Tano

Shangazi Nafuna, nakuandikia nikiwa nimekwama na sina mwingine wa kumwambia. Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, tunaishi Ngoingwa, Thika, na dadangu Mbula amehitimu juzi kuwa mwongozaji wa ndege, na wamempa achague kati ya uwanja wa Wilson, mnara wenye ndege ndogo nyingi kila saa, na Lodwar, mbali kaskazini, ambako ndege ni chache, na Jumatatu anatakiwa kujibu. Mama ameshamtafutia chumba Kamakis, si mbali na kwetu, anasema, "Lodwar waende wasio na mama," na Mbula anacheka tu kisha ananigeukia: "Rubani wangu, wewe unasemaje?"

Ananiita rubani kwa sababu tangu aanze masomo tumefanya mazoezi jikoni, vikombe ni ndege, yeye ananiongoza na mimi nasema maneno ya marubani, hata lile la "siwezi", ambalo rubani husema akipewa maagizo asiyoyaweza, ingawa sijawahi kulitumia, na hapo ndipo mimi nisiyeongea hata darasani hupata sauti, na ndipo nilipogundua jambo ambalo Mama hajui, kwamba vikombe vinne anaviongoza vizuri lakini nikiingiza cha tano ananyamaza, macho yanaganda mezani, halafu anasema, "Subiri, nimepaliwa na chai," na chai yenyewe hajaigusa. Nikimwambia aende Lodwar nitakuwa nimemwambia hatoshi, na nitabaki bila mtu wa kuongea naye, na nikinyamaza atakwenda Wilson ili Mama afurahi, na sasa kila ndege ikipita juu ya shule nafikiria kikombe cha tano. Sioni njia.

Rubani wa Jikoni, Thika

Rubani, pole. Lakini acha kujipa vyeo, wewe si mtahini wa Mbula. Mnarani mgeni huketi na mkufunzi anayesikia kila neno, naye huchukua kazi mara moja mgeni akinyamaza, kwa hivyo hiyo hofu ya ndege kuanguka iweke chini. Anayeweza kuvunjika ni Mbula, akiondolewa kitini mbele ya wenzake, kisha arudi Kamakis ajiambie alipaliwa.

Usimpelekee Mama habari hizi. Na usijidanganye kwamba unanyamaza kwa kumwonea huruma dadako. Hutaki aondoke. Si kosa, ila likubali.

Mbula anakijua kikombe cha tano kuliko unavyokijua wewe. Unadhani kwa nini anakuuliza, na hamuulizi Mama?

Leo jioni panga vikombe vitano. Akisema chai, usisubiri. Mwambie, "Siwezi." Akikuuliza huwezi nini, sema: kukwambia uende Wilson. Halafu nyamaza, umwache aamue, na Mama aambiwe na yeye mwenyewe.

Huenda akachagua Lodwar. Jikoni kutakuwa kimya, na kwa hilo, mwanangu, sina dawa.